ANA 1:160 kwa mteja asiyeumwa: tumwambie nini, tupime nini?

Afisa_Donholm

Hamjambo wenzangu wa kliniki na maabara. Mteja wa kike, miaka 31, ameniletea majibu ya kile kifurushi cha uchunguzi wa mwili mzima ambacho siku hizi kinauzwa kila kona ya Nairobi. Yote sawa isipokuwa mstari mmoja: ANA (kingamwili zinazoshika viini vya seli za mwili wenyewe) chanya, uzimuaji 1:160, muundo wa madoadoa. Haumwi viungo, hana upele, nywele hazimtoki, hana vidonda vya mdomo, vidole havibadiliki rangi kwenye baridi. Presha 112/70. Ameshasoma mtandaoni akajihukumu kuwa ana lupasi, ule ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, na sasa usingizi umempaa.

Ya kuzingatia: shangazi yake ana ugonjwa wa tezi ya thairoidi. Miezi mitatu iliyopita alimaliza aisoniazidi ya miezi sita, kwa sababu aliishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu. Na yeye na mumewe wanapanga kupata mtoto mwaka huu.

Naomba kujua hatari ya kweli hapa ni kiasi gani, vipimo gani vinafaa na vipi vitamla pesa bure, na kama tuirudie ANA baada ya miezi mitatu kama karatasi ya maabara inavyoshauri.

Fundi_wa_Seramu

Daktari, tuanze na namba yenyewe inavyozaliwa, maana wengi wanaisoma kama sukari ya damu.

Kwenye benchi tuna slaidi yenye visima, na kila kisima kimeoteshwa seli za HEp-2, yaani seli za binadamu zinazokuzwa maabara. Ukichanganya mikrolita 10 za seramu na mikrolita 790 za bafa ya PBS (maji ya chumvi ya kuzimulia) unapata 1:80. Hiyo ukiizimua nusu kwa nusu inakuwa 1:160, halafu 1:320, na kuendelea. Tone la mikrolita 25 hadi 30 linawekwa kisimani, linakaa dakika 30 ndani ya kisanduku chenye unyevu, linasuuzwa, slaidi inaoshwa kwa PBS mara mbili kwa dakika tano tano. Kisha inawekwa kingamwili ya pili iliyobeba rangi ya kung'aa, dakika 30 nyingine gizani, inaoshwa tena, gliserini, kifuniko cha kioo, na hadubini. Jibu la 1:160 ni kwamba kwenye uzimuaji huo jicho la msomaji bado liliona viini vya seli vinang'aa.

Jicho la msomaji, hapo ndipo pa kusimama kidogo. Wasomaji wawili wazuri wakitofautiana hatua moja, kwamba huyu kaona 1:80 na yule 1:160, hakuna aliyekosea. Taa ya hadubini ikizeeka, majibu yanashuka. Kisima kikikauka kando kwa sababu kisanduku hakikuwa na unyevu wa kutosha, ukingo wake unang'aa bila sababu. Tone likivuka kutoka kisima cha jirani, mtu mzima wa afya anapewa kingamwili za mgonjwa. Kwa hivyo piga simu maabara uulize mambo mawili: je, seramu ya udhibiti yenye uzimuaji unaojulikana ilisomwa mahali pake siku hiyo? Na kipimo chenyewe kilifanywa kwa slaidi ama kwa ELISA, kipimo kisichotumia hadubini? ELISA ya ANA haitoi muundo, kwa hivyo karatasi ikisema ELISA halafu ikataja madoadoa, kuna kitu hakiko sawa kwenye ripoti.

Swali la tatu ndilo ningelipa uzito kuliko yote: seli zilizokuwa zikigawanyika zilionekanaje? Kila kisima kina seli chache ambazo kromosomu zake zimejipanga katikati kama kipande cha ufito. Kwenye madoadoa ya kawaida, yale yanayotokana na kingamwili zinazoambatana na lupasi na magonjwa ya jamii yake, kama Ro, La, Sm au RNP, ufito huo huwa mweusi. Ukikuta madoadoa mazito yasiyolingana ukubwa ndani ya kiini, na ufito nao unang'aa kwa madoadoa yale yale, huo ni muundo mwingine, AC-2 kwenye ICAP, mpangilio wa kimataifa wa miundo ya ANA. Mara nyingi unatokana na kingamwili za DFS70, na zikiwa peke yake hupatikana zaidi kwa watu wazima wa afya kuliko kwa wagonjwa wa lupasi. Ripoti nyingi zinaandika "madoadoa" zikaishia hapo. Slaidi ikihifadhiwa gizani kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, inaweza kusomwa tena siku chache baadaye, ila mng'ao unafifia, kwa hivyo usikawie kupiga hiyo simu.

Kuhusu watu wa afya: mwaka 1997 maabara 15 za nchi mbalimbali, Eng Tan akiwa mwandishi wa kwanza, zilipima watu wazima wasioumwa. Kwenye 1:40 waliotoka chanya walikuwa asilimia 31.7. Kwenye 1:80 asilimia 13.3, kwenye 1:160 asilimia 5, na kwenye 1:320 asilimia 3.3. Yaani hata kwenye 1:320 bado utakuta watu wasio na ugonjwa wowote.

Tabibu_wa_Viungo

Fundi amenirahisishia kazi. Niweke hesabu sasa, kwa mfano tu. Chukua wanawake 1,000, tuseme mmoja wao ana lupasi. Ukiwapima wote ANA na kukata kwenye 1:160, huyo mmoja karibu kwa hakika atatoka chanya, na pamoja naye watatoka kama 50 wasioumwa. Kwa hiyo mtu aliyepimwa bila dalili akatoka chanya ana nafasi kama moja kwa hamsini, na hiyo ni kabla hujamchunguza. Ukishamchunguza usikute kitu, nafasi inashuka zaidi. Ndiyo maana ANA haifai kabisa kuwa ndani ya kifurushi cha uchunguzi wa jumla. Vigezo vya EULAR na ACR (vyama vya madaktari wa viungo vya Ulaya na Marekani) vya mwaka 2019 vinaitaka ANA ya angalau 1:80 ndipo uanze kuhesabu pointi za lupasi. Ni mlango wa kuingilia, na mtu anaweza kusimama mlangoni maisha yake yote asiingie.

Mteja wako atakuletea ile habari ya kingamwili kutangulia ugonjwa kwa miaka, kwa hivyo uijue vizuri. Inatoka kwenye utafiti wa mwaka 2003 uliotumia seramu za wanajeshi wa Marekani zilizokuwa zimehifadhiwa. Kati ya wagonjwa 130 wa lupasi, 115, yaani asilimia 88, walikuwa na angalau kingamwili moja kabla ya kugunduliwa, wengine hadi miaka 9.4 kabla, wastani miaka 3.3. Tena zilikuja kwa mpangilio: ANA, Ro, La na zile za fosfolipidi zilitangulia, dsDNA (zinazoshika DNA yenyewe) ikafuata, Sm na RNP zikaja karibu na ugonjwa wenyewe. Habari ni ya kweli, ila soma ilianzia wapi: ilianza na watu ambao tayari ni wagonjwa, ikarudi nyuma. Huwezi kuigeuza ukasema asilimia 88 ya wenye ANA wataugua. Inachokufundisha ni kwamba aina na idadi ya kingamwili ndivyo vinavyobeba uzito. ANA peke yake ni nyepesi. ANA pamoja na dsDNA na komplementi (protini za kinga za damuni) zilizoshuka ni jambo la kushughulikia wiki hiyo hiyo.

Kwa nini mtu mzima wa afya awe nazo hata kidogo? Kwa sababu mwili hutengeneza seli B nyingi zinazoweza kuutambua mwili wenyewe, na sehemu kubwa huondolewa ama kunyamazishwa kabla hazijakomaa. Zinazobaki hutoa zaidi kingamwili za aina ya IgM zenye mshiko hafifu, na hizo zina kazi yake halali ya kusaidia kusafisha mabaki ya seli zilizokufa. Hatari huanza seli B hizo zikipata msaada wa seli T, zikahamia aina ya IgG yenye mshiko mkali, kisha shambulio likatapakaa kutoka protini moja hadi nyingine.

Halafu kuna vichochezi vya kwetu. Aisoniazidi inajulikana kuamsha ANA, na inaweza kubaki chanya miezi kadhaa baada ya dawa kuisha. Haidralazini pia, na methaildopa, dawa mbili ambazo kina mama wajawazito wenye presha hupewa sana hapa. Malaria, kifua kikuu, virusi vya ukimwi na homa ya ini huchochea seli B kwa jumla, na kipimo cha RF cha baridi yabisi huchafuka kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja wako ni dawa na maambukizi ya mwaka mzima uliopita. Aisoniazidi umeshaitaja. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kutoshtuka.

Vipimo vya sasa ni vinne: mkojo, kreatinini (ya kuangalia figo), hemogramu kamili (hesabu ya chembe za damu), na presha ambayo umeshapima.

Mkojo usiuchukulie kijuujuu hata kidogo. Figo za lupasi haziumi. Mgonjwa anaweza kutembea miezi akijiona mzima huku protini zinavuja, na wanawake weusi ndio wanaoupata ugonjwa huu wa figo zaidi na kwa ukali zaidi. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, asiwe kwenye hedhi, asiwe na homa, asiwe ametoka kukimbia. Kijiti kikionyesha protini 1+ au damu, rudia baada ya siku chache, na ikibaki, pima uwiano wa protini na kreatinini. Ukifika gramu 0.5 kwa gramu ya kreatinini, rufaa bila kusubiri dalili.

Hemogramu ina mtego wake. Vigezo vinahesabu chembe nyeupe zilizo chini ya 4,000 kwa mikrolita. Waafrika wengi wana aina ya damu ya Duffy hasi, na nutrofili zao ni chache tangu kuzaliwa bila ugonjwa wowote. Mtu mwenye 3,400 leo aliyekuwa na 3,500 miaka mitano iliyopita hajashuka popote. Tafuta hemogramu zake za zamani kabla ya kumtia hofu. Chembe za kugandisha damu chini ya 100,000 hazina utetezi huo.

dsDNA na komplementi ziache mpaka mkojo, damu au dalili ziseme kitu. Na ANA usiirudie. Ikitoka 1:320 haitabadilisha matibabu, ikitoka 1:80 haitamfanya mzima zaidi ya alivyo. Ushauri wa miezi mitatu kwenye karatasi huenda umetoka kwenye kingamwili za fosfolipidi, ambazo kweli hurudiwa baada ya wiki 12, kwa sababu maambukizi huzipandisha kwa muda.

Na tafadhali mwonye asikubali prednisoloni ya kemisti "ya kushusha kingamwili". Haitamkinga, itampandisha sukari na presha, na siku dalili zikija kweli zitakuwa zimefunikwa.

Kisukari_na_Tezi

Nidakie hapo kwenye shangazi. Kingamwili za TPO za tezi ni za kawaida mno: Marekani, kati ya watu wasio na ugonjwa wa tezi, zilikutwa kwa zaidi ya mmoja kati ya kumi. Utafiti wa Whickham kule Uingereza uliwafuatilia watu miaka 20. Mwanamke mwenye kingamwili na TSH (homoni inayoichochea tezi) ya kawaida alikuwa na nafasi ya asilimia 2.1 kwa mwaka ya tezi kulegea. Mwenye kingamwili pamoja na TSH iliyopanda, asilimia 4.3. Kwa mteja huyu pima TSH kwanza, kwa kuwa anapanga mimba. Ikiwa TPO ni chanya na TSH ni ya kawaida, akishika mimba mrudie TSH kila wiki nne hadi katikati ya ujauzito. Levothairoksini, yaani homoni ya tezi ya vidonge, haihitajiki TSH ikiwa sawa: jaribio la TABLET la mwaka 2019, mikrogramu 50 kwa siku, halikuongeza watoto waliozaliwa hai.

Kisukari cha aina ya kwanza ndicho kinachoonyesha wazi nguvu ya idadi. Watoto waliofuatiliwa Finland, Ujerumani na Colorado, ripoti ya mwaka 2013: waliokuwa na kingamwili mbili au zaidi za kongosho, karibu asilimia 70 waliugua ndani ya miaka 10. Waliokuwa na moja tu, asilimia 14.5. Wasio nayo kabisa, asilimia 0.4 kufikia umri wa miaka 15. Hapo kingamwili mbili kwa mtoto mwenye sukari ya kawaida tayari zinahesabiwa kuwa hatua ya kwanza ya ugonjwa, na tangu Novemba 2022 Marekani imeidhinisha teplizumabu ya kuchelewesha hatua ya tatu, ya ugonjwa kamili, kwa waliofika ya pili, ambapo sukari imeanza kuyumba. Lupasi haijafika huko.

Afisa_Donholm

Asanteni sana. Nimepiga simu. Kipimo ni cha slaidi, udhibiti ulikuwa sawa, ila kwenye kusoma upya wamesema ufito wa kromosomu ni mweusi, kwa hivyo si muundo wa DFS70. Mkojo safi, kreatinini sawa, hemogramu sawa, TSH 1.8. Kwa sababu ya mpango wa mtoto tulikubaliana apime Ro na La peke yake: Ro60 chanya ya wazi, La hasi. Bado hana dalili hata moja. Nimwambie nini sasa?

Sista_Uzazi

Daktari, umefanya vyema kuipima Ro kabla ya mimba, kwa kuwa hapa jambo limehama kutoka kwa mama likaenda kwa mtoto. Kingamwili za Ro ni IgG, zinavuka kondo, na zinaweza kuharibu njia ya umeme ya moyo wa kijusi. Akina mama wengi ambao watoto wao walizaliwa na bloku ya moyo (umeme wa moyo kukwama njiani, mapigo yakawa ya polepole) hawakuwa wanajua kama wana chochote. Wako anajua.

Mpe namba kama zilivyo. Kwa mwenye Ro ambaye hajawahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hili, nafasi ni kama asilimia 2. Yaani kati ya mimba 100 za aina hii, 98 hivi moyo wa mtoto uko salama. Aliyewahi kupata mtoto mwenye bloku, nafasi inapanda hadi asilimia 16 mpaka 20.

Kwa vitendo: andika "Ro chanya" kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chake cha kliniki ya wajawazito, kwa kalamu inayoonekana. Atakuwa anahudumiwa na watu tofauti kila ziara, na hakuna atakayeuliza. Dirisha la hatari ni wiki 16 hadi 26. Ndani yake apate ekografia ya moyo wa kijusi kwa daktari wa moyo wa watoto, kila wiki moja au mbili kwa kadiri anavyoweza kumudu. Wenye ujuzi huo Nairobi ni wachache, kwa hivyo miadi iwekwe mimba ikithibitishwa tu, wiki ya 8 au 10. Katikati ya ekografia, mapigo ya moyo yasikilizwe kwa Dopla au pembe kila anapofika kliniki, na yahesabiwe dakika nzima. Kawaida ni 110 hadi 160. Ukisikia 60, tulivu na ya mpangilio, hakikisha kwanza husikilizi mshipa wa mama: mshike mkono uhesabu na mapigo yake. Yakitofautiana, ni rufaa siku hiyo hiyo. Bloku kamili ikishaingia hairudi nyuma, na watoto wengi wa namna hiyo huhitaji pesimeka, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Lakini ikijulikana mapema, mtoto atazaliwa mahali penye watu wa kumpokea.

Mtoto akizaliwa apigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo), hata kama mapigo yalikuwa mazuri wakati wote. Akitoka upele wa mviringo usoni au kichwani wiki za kwanza, asianikwe jua la asubuhi kama tulivyozoea kuwaambia akina mama. Upele huo huisha wenyewe kingamwili za mama zikimalizika damuni, miezi sita hadi minane.

Tabibu_wa_Viungo

Nakubaliana na Sista neno kwa neno. Nyongeza juu ya haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi inayoweza kumkinga mtoto: ushahidi mzuri ni wa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye bloku, ambapo miligramu 400 kwa siku, ikianzwa kabla ya wiki ya 10, ilipunguza kurudia kwa tatizo karibu nusu. Kwa mimba ya kwanza, mwongozo wa ACR wa mwaka 2020 unaipendekeza kwa masharti. Mimi ningeizungumza naye wazi kabla ya mimba: dawa ina historia ndefu ya usalama kwa wajawazito, dozi isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku (mwenye kilo 60 hapati zaidi ya 300), na apigwe ECG kwanza. Unaona kwamba ile 400 ya utafiti inamzidi mwenye uzito mdogo, ndiyo maana uamuzi huu ufanywe na daktari wa viungo pamoja na wa uzazi, usiishie kliniki ya mtaani.

Kwa upande wake mwenyewe, Ro bila dalili ina uzito kuliko ANA tupu. Mwulize sasa maswali ya Sjogren (ugonjwa wa kinga unaokausha macho na mdomo) ambayo watu hawayaoni kama ugonjwa: macho kama yana mchanga, kushindwa kumeza mkate bila maji, meno yanayooza haraka. Usipopata kitu, mpange mara moja kwa mwaka: presha, mkojo, kreatinini, hemogramu. Wakati wa mimba, mkojo na presha kila ziara, na protini ikitokea kabla ya wiki ya 20 usiiite kifafa cha mimba, hiyo itafutwe kwenye figo.

Mpe pia orodha fupi ya mambo ya kumrudisha kabla ya mwaka kuisha: viungo vya vidole kuvimba na kukakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, upele wa mashavuni baada ya jua, maumivu ya kifua akivuta pumzi, miguu kuvimba, mkojo wenye povu lisiloisha. Akivuta sigara, aache. Ataulizia vitamini D, maana jaribio la VITAL la mwaka 2022 lilionyesha magonjwa haya yakipungua kwa asilimia 22 kwa waliokunywa yuniti 2,000 kwa siku miaka mitano. Hao walikuwa Wamarekani wa miaka 50 na zaidi, kwa hiyo usimwahidi kinga.

Fundi_wa_Seramu

Moja la mwisho kwa wote wanaoagiza Ro: andikeni Ro60 na Ro52 kila moja kivyake. Vipimo vingine vinaziunganisha kama "SSA", na Ro52 ikiwa peke yake huonekana pia kwenye magonjwa ya misuli, mapafu na ini. Tena Ro60 inaweza kupotea kwenye slaidi ya HEp-2 kutegemea dawa iliyotumika kukaushia seli, kwa hivyo mama aliyezaa mtoto mwenye mapigo 60 apimwe Ro yenyewe hata kama ANA yake imetoka hasi. Mililita 5 za damu kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda zinatosha. Seramu itenganishwe siku hiyo hiyo, na isipopimwa ndani ya siku chache ikae kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, isiyeyushwe na kugandishwa tena na tena.